Pori Lililo Kati ya Mawe

(Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wakazi wa jiji la Mwanza)



Mgeni akishuka Mwanza huulizwa mambo mawili: ameshaliona jiwe la Bismarck, na ameshakula sato? Akijibu ndiyo mara mbili, tunamhesabu kuwa ameimaliza Mwanza. Sijawahi kusikia mgeni akiulizwa kama ameuona mti. Tumelizoea jina la jiji la mawe kiasi kwamba hatuangalii tena kilichoota kati ya jiwe na jiwe, wala anayelala humo, wala anayelia humo alfajiri kabla ya daladala ya kwanza.

Jambo langu leo ni moja, hata nikizunguka namna gani. Pori la mwambao huu halikuumbwa na mvua peke yake. Limepita mikononi mwa watu: likafyekwa kwa amri, likarudishwa kwa mila, na sasa linafyekwa tena kwa haraka ya kujenga. Ukitaka kujua hesabu hiyo imefikia wapi, usianze na majalada ya ofisini. Waulize ndege.

Nianze na swali nililoulizwa na mwanafunzi tukiwa tumekaa juu ya mwamba, mwezi wa nane, nyasi zimekauka kama mkeka mkuukuu: "Mwalimu, maji yote yale pale, mbona huku tunakauka hivi?" Swali zuri. Ziwa letu lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kukaa kando ya kisima si kunyweshwa. Pepo za kusini-mashariki hutufikia zikitoka bara, zikiwa kavu. Zikishavuka ziwa ndipo zinabeba unyevu, na mzigo huo huutua ng'ambo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo hutoka kila upande kuelekea ziwani, hukutana katikati na kuinua yale mawingu ya radi ambayo kila mvuvi wa dagaa ameyakimbia angalau mara moja. Mvua hiyo hunyesha majini au husukumwa magharibi kabla hakujapambazuka. Ndiyo maana Bukoba hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka, Mwanza nusu yake, na ukifuata Ghuba ya Speke kuelekea Magu na Mara unakuta ukavu unazidi. Kuanzia Juni hadi Septemba hapa tunaangaliana na ziwa tu, kila mmoja na kiu yake.

Kwa hiyo Kisiwa cha Rubondo kule magharibi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, kimefunikwa msitu mzito wa kijani, na sisi wa kusini-mashariki tumepewa migunga, mikwaju, minyaa na nyasi. Wako wanaoona tumepunjwa. Mimi sioni hivyo, na nitaeleza kwa nini.

Mababu wa Kisukuma waliisoma ardhi hii kwa kushuka mteremko. Juu kwenye majabali waliita luguru. Miguuni pa majabali kuna isanga na luseni, mchanga mwepesi uliomong'onyoka kutoka kwenye mawe ya itale. Chini yake ni itogolo, ardhi ya kijivu yenye tabaka gumu ambalo jembe likilipiga hudunda. Kuna ibushi, yenye chokaa. Na bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata masika na kupasuka kiangazi hadi ndama anavunjika mguu. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na makao yake Amani, Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, yaani mnyororo, na neno hilo likaingia katika vitabu vya udongo dunia nzima. Luseni na itogolo yalibaki vinywani mwa wazee wa Kwimba na Misungwi, na huko ndiko yaliko. Ninayasema hapa makusudi, kwa sababu mwalimu anayefundisha katena bila kutaja itogolo kwa watoto wa Kisukuma anawanyang'anya chao kisha anawauzia.

Kila pete ya mnyororo huo ina miti yake, na kila mti una wageni wake wenye mabawa.

Tukae kwanza kwenye majabali, maana hapa ndipo penye siri. Mtu akitazama mlima wa mawe kutoka barabarani anaona ukame mtupu. Lakini fikiria mvua inapoanguka juu ya jabali: haizami popote. Yote hutiririka na kuingia kwenye nyufa na kwenye udongo wa miguuni pa jiwe, hivyo mti uliosimama pale hunywa mvua yake na mvua ya jiwe zima. Zaidi ya hapo, moto wa kiangazi unaoramba nyasi za tambarare ukifika kwenye mawe hukosa njia, na mbuzi naye hupandia baadhi tu, si yote. Kwa hiyo mawe haya, ambayo tunayaona kama adui wa mti, ndiyo yaliyoutunza. Mkuyu wa mwambani hushusha mizizi juu ya jiwe kama nta inayotiririka, ikitafuta ufa. Ikiupata hutanuka na kulipasua. Pembeni yake utakuta mnyaa mkubwa wenye mikono iliyoinuliwa juu kama kinara cha mishumaa, utakuta mishubiri, na miti ya jamii ya manemane yenye magome yanayobanduka kama karatasi, ambayo kwa miezi mingi husimama bila jani, utadhani imekufa.

Nani alipanda mkuyu katika ufa wa jiwe mita kumi juu ya ardhi? Ndege. Shorwe, njiwa, hondohondo na zuwakulu hula kuyu, mbegu hupita tumboni bila kudhurika, na hutuliwa palepale ndege anapopumzika, kwenye kilele cha jiwe. Ndege amejipandia duka lake. Mkuyu nao huzaa bila kufuata msimu wa miti mingine, hivyo mwezi wa nane, matunda mengine yakiwa yameisha, pale mwambani bado pana karamu. Tulipokuwa watoto tulilijua hili vizuri mno. Tulipika ulimbo kwa utomvu wa mkuyu uleule, tukaupaka kwenye vijiti, tukawanasa walaji wa kuyu juu ya mkuyu. Sijivunii.

Kwenye mawe yaleyale usiku hukaa kirukanjia mwenye rangi ya itale, madoa kwa madoa, ambaye hajengi kiota. Hutaga juu ya jiwe tupu na kulifunika yai kwa mwili wake, na unaweza kumkaribia hadi hatua mbili usimwone mpaka aruke. Mchana jiwe hilo ni la pimbi, na la mjusi mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu ambaye watoto humtupia mawe. Wanasayansi humwita Agama mwanzae. Ndiyo, amepewa jina la mji wetu, na sisi tunamwita mjusi kafiri.

Mnajua kinachotokea milimani sasa. Nyumba zimepanda Mabatini, Igogo, Isamilo na kwingineko hadi juu, na mahali pasipo nyumba kuna watu wanaopasua kokoto. Simlaumu mama anayegonga jiwe ili mwanawe ale. Ninachosema ni kwamba ukiondoa jiwe umeondoa na tangi lililokuwa likiunywesha mkuyu. Mahali pa kuona Mwanza ilivyokuwa pamebaki pachache. Mojawapo ni Kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mzee aliyekuwa akiishi, kulima na kuvua pale. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote: kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Tembo hutamwona. Lakini mikuyu, mawe, pimbi na minandi waliokaa wameyatandaza mabawa juani wapo, na hiyo ndiyo Mwanza.

Tushuke tambarare. Kuanzia luseni hadi mbugani, kutoka Mwanza kuelekea Magu, Bariadi na Serengeti, tuko katika nchi ya migunga. Ndege wa nchi hii wana jambo ambalo Wasukuma wachache wanalijua: baadhi yao, nje ya nyanda hizi za kusini na mashariki mwa ziwa, karibu hawapatikani porini popote duniani. Kuna kwale mwenye kifua cha kijivu. Kuna mnana mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu, anayejenga viota vya majani makavu kama matita yaliyotupwa juu ya mgunga. Na kuna cherero, kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cha rangi ya machungwa na mdomo mwekundu. Wote watatu waliingia katika vitabu vya sayansi mwaka mmoja, 1887, kwa kalamu ya Anton Reichenow wa Berlin. Aliyewakusanya, daktari Mjerumani Gustav Fischer, alikuwa amepita kusini mwa ziwa mwaka 1885 akijaribu kuwafikia Wazungu waliokwama Sudan. Hakuwafikia, akarudi kwao na kufariki mwaka 1886. Cherero huyu hadi leo huitwa kwa jina lake, Agapornis fischeri.

Jina lilimletea cherero bahati mbaya. Alipendeza, alifugika, na miaka ya 1980 alikamatwa na kusafirishwa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1987 alikuwa kasuku wa porini aliyeuzwa kuliko wote duniani. Usafirishaji ulisimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo yuko kwenye vizimba vya Ulaya na Marekani; walioachiwa Naivasha, Kenya, wamezaana na jamaa zao wengine hata hujui nani ni nani; na hapa kwao mtu mzima anaweza kumaliza mwaka bila kumwona. Nimewahi kumwonesha kijana mmoja picha yake, akaniambia huyo ni ndege wa Brazili.

Yuko mwingine ninayempenda zaidi. Ni zuwakulu wa chini, manjano na madoadoa meusi, ambaye hachimbi mti kama ndugu zake. Huchimba shimo la wima ardhini na kulea humo. Dume na jike husimama juu ya kichuguu na kuimba kwa kupokezana, mikia ikitikisika kama saa ya ukutani. Katika jina lake la kisayansi mna neno usambiro. Usambiro ni pahali petu, kusini mwa ziwa, kituo cha misheni ambako mmisionari Alexander Mackay alifariki tarehe 8 Februari 1890. Makanisa yanamkumbuka Mackay. Usambiro penyewe pamesahauliwa, isipokuwa na huyu ndege anayepabeba mkiani mwake.

Sasa nifike kwenye mikono ya watu. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulizuka Maswa. Mbung'o, nzi anayeueneza ugonjwa huo, aliyekutwa katika vichaka vya Usukuma alikuwa wa aina isiyojulikana, akapewa jina la Charles Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika: Glossina swynnertoni. Swynnerton baadaye akaongoza utafiti wa mbung'o, makao yakiwa Shinyanga, hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa yake ilikuwa kumnyima mbung'o kivuli. Watemi waliita watu, watu walikuja kwa maelfu na mashoka, na maeneo makubwa yakafyekwa hadi yakabaki meupe. Nyuma ya shoka ikafuata pamba, nyuma ya pamba ng'ombe.

Katika habari hii kuna jambo lisiloniachia. Swynnerton alikuwa mtu wa ndege. Kabla ya kuja huku aliwachunguza ndege kwa miaka mingi kusini mwa Afrika, na yuko ndege mdogo wa misituni, anayepatikana Zimbabwe, Msumbiji na milima yetu ya Udzungwa na Usambara, mwenye jina lake. Mtu mmoja, nzi mmoja, ndege mmoja, jina moja. Bila shaka alijua ni nani waliokuwa wakifukuzwa kila mgunga ulipoanguka. Simhukumu kirahisi, maana malale yaliua watu na ng'ombe, na mzee aliyezika jamaa zake hakuwa na muda wa kuhesabu minana. Lakini ufyekaji ule haukukoma mbung'o alipoondoka. Uligeuka mazoea. Tukaanza kuona shamba safi ni lile lisilo na mti hata mmoja, na mtu mwenye kichaka ni mvivu.

Kilichotuokoa hakikutoka Amani wala London. Wasukuma wana desturi ya ngitili: kutenga kipande cha malisho masika, kukifunga, na kukifungua kiangazi kwa ajili ya ndama na ng'ombe wanaokamuliwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipohamisha watu, ngitili nyingi zilikosa mwenyewe na zikaliwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa ambao ulikuwa umeanza kuitwa jangwa la Tanzania. Wakati huo ngitili zilizosalia katika mkoa huo zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Miaka ya 2000 ilipoanza zilikuwa zimepita hekta 300,000. Wala miche mingi haikupandwa. Chini ya ardhi mizizi ya migunga ilikuwa hai, ikisubiri tu kuachwa. Walipohesabu vilivyorudi walikuta aina zaidi ya 140 za ndege, ambao hakuna aliyewaleta kwa lori.

Nawaomba walimu mkumbuke hili mnapopeleka watoto kupanda miti siku ya kupanda miti. Huwa tunachimba mashimo, tunapiga picha, miche inakauka Julai. Ngitili haina picha nzuri. Ni kufunga tu na kungoja.

Itogolo nayo, ardhi iliyodharauliwa, imepata heshima kwa sababu ya mpunga. Tabaka lake gumu hushika maji, na majaluba yakijaa, yangeyange na korongo hushuka kwa mamia, pamoja na wageni wa kutoka Ulaya na Asia wanaokuja huku kukimbia baridi. Hapohapo huja kwelea kwelea. Mkulima wa mpunga hanipendi nikisifu ndege, na ana haki.

Ziwani sitakaa sana, maana hilo ni mhadhara wa peke yake, ila kuna uzi mmoja unaotoka majini na kurudi kwenye miti. Tangu mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wakichunguza furu, samaki wadogo wa ziwa letu, katika Ghuba ya Mwanza. Wakiwa katikati ya kazi, miaka ya 1980, sangara aliyepandikizwa ziwani miongo mitatu nyuma alifurika na kuwameza furu. Mmoja wa waliopata taabu ni mdiria mweusi na mweupe, yule anayesimama hewani akipiga mabawa kabla hajajitupa majini. Mlo wake mkuu ulikuwa furu. Walipokwisha ikambidi ahamie kwa dagaa, na kwa kuwa dagaa ni mwepesi, akalazimika kukamata wengi zaidi ili ashibe kama zamani.

Miti ilipatwa vilevile. Furu mama zetu walimpasua na kumwanika juani. Sangara ana mafuta. Jua halimkaushi, linamharibu. Anataka moshi, na moshi unataka kuni. Samaki aliyewala furu akaanza kula na migunga ya visiwani na ya mwambao. Viwanda vya minofu vilipokuja, minofu ikapanda ndege na sisi tukabaki na mapanki, mifupa iliyonyofolewa minofu, ambayo nayo hutaka moto wa kukaangia. Aliyenufaika bila jasho ni marabu, yule korongo mwenye upara na mfuko shingoni. Humkuti juu ya mgunga akisubiri mzoga wa nyumbu. Yuko jalalani, amesimama kama karani aliyestaafu anayefuatilia mafao yake.

Mafunjo nayo ni miti ya maji kwa kazi yake, ingawa kwa jinsi ni ndugu wa ndago. Huchuja tope, hulea samaki wachanga, na hulaza minana kwa maelfu. Mto Mirongo ukipita katikati ya jiji letu huingia ziwani na kila tulichoutupia. Sihitaji kueleza harufu.

Tangu mwaka 2025 tuna daraja la Kigongo–Busisi, na wengi wetu tumelivuka kwa furaha ya kuokoa saa za kungoja kivuko. Ukivuka tena, tazama miti. Upande wa mashariki umeacha migunga. Ukisonga Sengerema kuelekea Geita na Biharamulo unaingia nchi ya miombo, ya mininga na mitundu, majani mekundu kabla ya mvua. Magunia ya mkaa yanayovuka kuja kwetu ndiyo miombo hiyo.

Ninalo ombi, nalo ni dogo. Kwa wenye viwanja milimani: mkuyu uliokaa kwenye ufa wa jiwe haudai nafasi ya chumba wala ya choo. Kabla hujamwita fundi wa mawe, uache huo mmoja. Kwa walimu: chagueni pembe moja ya uwanja wa shule, izungushieni minyaa, mzuie mbuzi, na msipande kitu. Wapeni watoto daftari waandike kila ndege anayetua humo, kwa Kisukuma, kwa Kiswahili, kwa jina lolote wanalomwita nyumbani. Na kwa wote: boti ya Saanane hutoka Capri Point na safari haichukui hata dakika kumi. Nendeni asubuhi, kabla upepo haujaamka.